Kisahani Hacheui

Bi Thuwaiba husema na mbuzi wake Kiswahili,
na wajukuu Kiarabu,
na mimi, msaidizi tu wa daktari wa mifugo,
hunimiminia zote mbili kwa pumzi moja:
"Njoo, mwanangu, taal. Kisahani hacheui."

Saa nane mchana. Sinaw imejifungia na viyoyozi vyake.
Chini ya mkunazi, mbuzi mwenye baka jeupe usoni
amesimama kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.
Dagaa wakavu wamo beseni, hajawagusa.
Naweka sikio ubavu wa kushoto,
pale mbuzi mzima anaponguruma kama mvua ya kijiji cha pili.
Kimya.

Kapewa nini?
Mundhir anatazama viatu vyake.
Alikuwa anakohoa, asema. Nikanunua unga wa antibayotiki,
nikaukoroga, nikamnywesha siku saba.
Kikohozi kiliisha siku ya tatu.
Na hizo nne?
"Za kuhakikisha."

Simgombezi. Pafu ni safi, nimelisikiliza,
na bila dawa pengine tungekuwa tunachimba shimo.
Lakini njoo hapa, Mundhir, kamata pembe.
Unalijua soko letu Alhamisi:
ngamia analia, mnunuzi anaapa, muuzaji anaapa zaidi,
Mbaluchi na kamba zake, mwanamke wa Kibedui na barakoa yake,
kila mtu kamkanyaga mwenziwe na hakuna aliyeondoka.
Tumbo la mbuzi ndilo soko hilo.
Vijidudu visivyohesabika vinavunja nyasi,
vinagombea kivuli, vinalipa ushuru.
Na kinga ya mwili ni askari aliyeketi pembeni na birika la kahawa,
anajifunza nyuso:
huyu jirani,
huyu mgeni lakini hana neno,
huyu mwizi.
Askari huyu hakusoma skuli. Kasomea sokoni.

Ukaleta dawa imtoe mwizi mmoja.
Mwizi katoka.
Wakatoka na wauza nyasi, wauza chumvi, wapimaji, wapagazi,
milango ikashushwa,
askari kabaki na birika lake, hana wa kumtazama.
Mlinzi asiye na watu husahau.
Kesho atampiga jirani virungu,
mwizi atamkaribisha kahawa.

Tena kuna chanjo. Jumatatu nilimdunga mwenyewe,
bila kuuliza, kwa haraka ya kumaliza mazizi tisa.
Somo lile limepata mwanafunzi, au nimelisomea benchi tupu?
Sijui. Nilimpigia daktari, akasema, "Inategemea,"
neno lililomjengea nyumba ya ghorofa mbili.
Nikaandika daftarini: chanjo irudiwe.
Nikaandika na jina langu, kwenye safu ya makosa.

Bi Thuwaiba hakungoja nimalize hotuba.
Alimwendea Mkorofi, yule mweusi,
aliyekuwa anatafuna macho nusu wazi kama mzee wa baraza,
akamtia vidole viwili kinywani
akaiba cheuo: donge la kijani, moto, linanuka uhai.
"Marehemu mama alifanya hivi Wete," akasema,
na hakusema zaidi.
Akalisukuma nyuma ya ulimi wa Kisahani.
"Meza. Cha mwenzio si haramu."
Mundhir akageuka asitapike.
Mimi nikayaacha maneno niliyosomea miaka mitatu
yakae yalipo.

Siku mbili, asubuhi na jioni, alimwibia Mkorofi,
na Mkorofi akazidi ukorofi.
Siku ya tatu simu ikalia kabla ya alfajiri.
"Nyamaza," akaniambia, nami sijasema kitu.
Akaibana simu ubavuni mwa mbuzi.

Nikasikia manyoya.
Nikasikia kiyoyozi cha jirani.
Nikataka kusema, pole, bibi.
Kisha, ndani kabisa, mbali,
mlango wa chuma wa duka moja
ukapandishwa nusu.